Kalamu ya Kijani

Mafunzo yalikuwa siku tatu, mjini Ibra,
ukumbi wa baridi ya kiyoyozi
hata Ghaniya akajitanda shela mara mbili
akaninong'oneza: Wametuita kupanga afya
au kutugandisha?

Miaka kumi na tisa napiga hodi.
Nimechanja, nimepima, nimejaza namba
madaftari ambayo hakuna aliyenirudia
kuniambia, dada, namba hii imetufunza jambo.
Mipango ilitushukia kama maji ya wadi:
wingu hulioni, liko milimani huko,
na ukiyasikia maji
umeshachelewa kuhama.

Mkufunzi, Asila, mwembamba,
sauti ya mtu aliyezoea kukatizwa,
akatandika ramani ya wilaya
kubwa kama mkeka wa sebuleni.
Akagawa kalamu. Buluu kwa madaktari,
nyekundu kwa mabwana wa bajeti na barabara,
kijani kwetu.
"Wekeni alama," akasema, "mahali mnapopajua."

Mkono uliokwisha kudunga mikono elfu
ukatetemeka mbele ya karatasi.

Nikaanza kidogo. Nukta.
Hapa wadi ikishuka hukata njia
na gari la chanjo hulala ng'ambo isiyo na watoto.
Nukta. Hapa nyumba tatu zina friji moja,
insulini hukaa baina ya laban na samaki.
Nukta. Hapa yuko Bi Shinuna.

Bi Shinuna alitoka Unguja na masanduku mawili
na lugha ambayo fomu zetu hazina safu yake.
Daktari humuuliza kwa Kiarabu,
naye hujibu alhamdulillah, alhamdulillah,
heshima tupu, na sukari ishirini na mbili.
Mimi humuuliza kwa lugha ya jikoni:
Bibi, jana ulikula nini?
Hucheka. "Mwanangu, nisikufiche. Kaimati. Nane.
Na vidonge nampa nusu jirani, maskini,
hana wa kumpeleka."

Nilipoinua kichwa kalamu yangu imekauka.
Za buluu zilikuwa bado zimejaa.
Daktari Mundhir akatazama, akavua miwani,
akatazama tena. "Haya yote mlikuwa mnayajua?"
Ghaniya, ambaye ulimi wake hauna breki:
"Daktari, mlikuwa hamjauliza."

Siku ya pili tulifundishwa sentensi.
Si dozi, si bendeji: sentensi.
Usiseme samahani, labda.
Sema napendekeza.
Tukairudia kama watoto wa chuoni,
na-pe-nde-ke-za,
neno gumu kulitamka
ukiwa umeinama.

Siku ya tatu nikasimama kwa magoti ya mtu mwingine.
Napendekeza kipimo cha sukari
kitoke kituoni, Jumapili,
kiende soko la wanawake, Jumatano,
baina ya wauza udi na wauza nyuzi za kofia,
kwa kuwa huko bibi zetu hufika kwa miguu yao
bila kumsubiri mtoto wa kiume na gari lake.
Na napendekeza safu moja. Ndogo.
Lugha ya nyumbani.

Bwana wa bajeti akakuna kidevu.
Gari ni moja. Mafuta yana hesabu yake.
Safu ikapita. Soko likaahirishwa
hadi robo ijayo, ambayo kwa lugha ya vikao
maana yake Mungu ndiye ajuaye.

Katika kumbukumbu wameniandika "muuguzi mmoja".
Nikaomba kalamu, yoyote, hata ya buluu,
nikaongeza pembeni: Nafla binti Mbaruk.

Jumatano, zamu yangu imekwisha,
nilikwenda sokoni na mashine ndani ya mkoba.
Bi Shinuna alikuwa anagombania bei ya zafarani.
Akaninyooshea kidole bila kuombwa,
bila hata kumwachia muuzaji nafasi ya kupumua.
"Haya, toboa. Leo kaimati sita."

Nikaandika sita.
Kisha, katika safu mpya,
fomu ingali inanuka wino,
Kiswahili.